Kabla mtoto hajapelekwa makumbusho ya utumwa, kaa nae

Juzi dada mmoja kanitumia meseji, mwanae anaenda na darasa lake makumbusho ya Docklands hapa London kujifunza biashara ya utumwa ya Atlantiki, anauliza amwache aende au amzuie. Mwache aende dada yangu. Ila asiende hajui kitu, hili nimelipitia na wanangu wawili na la kwanza bado linaniuma.

Yule mkubwa, kabla ya safari yao mwalimu aliwalaza watoto sakafuni darasani wamebanana eti wahisi ilivyokuwa melini. Yeye na binti mmoja wa Kinaijeria ndo walikuwa weusi pale. Afu mwenzake akamuuliza, babu zako walikuwa watumwa wa nani? Alirudi nyumbani hataki kula. Nikaenda shule, nikaambiwa hiyo ni mbinu ya kufundishia, sikukubali na sikubali mpaka leo, mateso ya watu hayaigizwi.

Ilipofika zamu ya mdogo wake niliomba kuwasindikiza, na kabla ya hapo tukawa tunaongea kila jioni tukishakula. Sikuanza na minyororo, nilianza na watu, kwamba waliochukuliwa walikuwa wahunzi, wakulima wa mpunga, mama za watu, wengi wametoka Afrika Magharibi, Kongo na Angola, na wengine hata Msumbiji. Zaidi ya milioni 12 walipakiwa, karibu milioni 2 wakafia baharini. Nikamweleza watumwa wa Haiti walivyoinuka 1791 wakapigana mpaka 1804 wakapata nchi yao. Na ya kwetu sikumficha, soko la Zanzibar lilifungwa 1873, ile ilikuwa biashara nyingine ya kuelekea Uarabuni na visiwa vya Bahari ya Hindi, akiulizwa ajibu bila kuchanganya.

Sasa ile siku! Lile jengo lenyewe ni ghala la sukari la 1802, na nje ndo ilisimama sanamu ya Robert Milligan, aliyeongoza ujenzi wa gati za meli za pale huku ana mashamba na watumwa Jamaica, wameiondoa Juni 2020. Watoto wanaandika andika, mwanangu akanyoosha mkono akauliza utumwa ulipofutwa nani alilipwa? Akajibiwa ukweli, bunge la Uingereza 1833 lilitenga pauni milioni 20 wakalipwa waliomiliki watu, waliotumikishwa hawakupata hata senti. Na deni lililokopwa kwa ajili hiyo lilimalizika 2015, yani hata kodi ya mishahara yetu sisi tunaobeba boksi hapa imo. Nilijivunia mtoto wangu jamani, siwezi kuficha.

Kwa hiyo ongea nae kabla, narudia, kabla. Mwandikie mwalimu uulize wamepanga kufanya nini, kama kuna maigizo sema wazi mwanangu hashiriki, na ukipata ruhusa nenda nao. Wazazi tuache kisingizio cha shifti, tunakimbizana na saa za ziada afu historia ya watoto wetu tunaiachia shule, shule ina dakika chache na vichwa thelathini! Mungu katupa watoto, sio shule. Akirudi usimuulize ilikuwaje huku macho yako kwenye simu, zima tivii, mwache aongee yeye kwanza, na akilia usimwambie anyamaze.