Kuchagua wachezaji bora makundi yakiisha: usianze na mabao

Hatua ya makundi ya mashindano ya soka ikimalizika tu, vijiwe vya Kondele, Kisumu, hugeuka kamati ya ufundi. Kila mtu ana kikosi chake cha 11 bora, na karibu kila kikosi kimeanza na wafungaji. Hapo ndipo hesabu huharibika.

Oleg Salenko wa Urusi alifunga mabao 6 katika Kombe la Dunia la 1994, akagawana kiatu cha dhahabu, tuzo ya mfungaji bora, na Hristo Stoichkov wa Bulgaria. Matano kati ya hayo yalipatikana katika mechi moja dhidi ya Kameruni, na Urusi haikuvuka makundi. AFCON 2023, Kombe la Mataifa ya Afrika, ilikuwa na kisa cha aina hiyo. Emilio Nsue wa Guinea ya Ikweta aliongoza kwa mabao 5, matatu yakiwa dhidi ya Guinea-Bissau, lakini tuzo ya mchezaji bora ilimwendea beki, William Troost-Ekong wa Nigeria.

Kwa hiyo, kando ya kila bao andika mambo matatu: matokeo yalikuwaje kabla halijaingia, lilikuwa la penalti au la, na mpinzani alikuwa nani. Bao la kuvunja 0-0 dhidi ya timu iliyofuzu lina uzito kuliko la nne dhidi ya timu iliyokwisha kufungasha virago.

Halafu dakika. Hizi watu huzisahau kabisa. Katika CHAN 2024, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, iliyochezwa Agosti 2025, kundi la Kenya lilikuwa na timu tano, hivyo kila timu ilicheza mechi 4, dakika 360. Kundi la Senegal na Sudan lilikuwa na timu nne: mechi 3, dakika 270. Ukilinganisha jumla ya mabao au pasi za mabao moja kwa moja, unampendelea aliyepewa mechi ya ziada. Zidisha idadi kwa 90, kisha gawanya kwa dakika alizocheza. Weka pia kiwango cha chini: theluthi mbili ya dakika zote, yaani 180 kati ya 270, au 240 kati ya 360. Bila kiwango hicho, mchezaji wa akiba aliyefunga mabao 2 kwa dakika 60 ataonekana ana mabao 3 kwa kila mechi, na huo ni utani.

Kipa usimpime kwa mechi asizofungwa pekee. Huenda mabeki wake hawakuruhusu hata shuti moja la maana. Hesabu mashuti yaliyolenga lango na aliyookoa, kisha tazama krosi: anatoka kuzidaka, au anabaki kwenye mstari na kuwaachia mabeki mzigo?

Mabeki na viungo wakabaji ndio wagumu zaidi, kwa sababu kamera hufuata mpira. Uwanjani mambo ni rahisi: mtazame mtu mmoja kwa dakika 10 bila kujali mpira uko wapi. Kwenye runinga, subiri mpira wa kurusha, kona au golikiki, picha inapopanuka, uone amesimama wapi na anampanga nani. Marudio hayatakusaidia, maana huonyesha beki akiteleza kwa ustadi kuondoa hatari, si yule aliyejipanga mapema hadi hatari isitokee.

Pima pia mazingira ya mechi. Katika CHAN hiyo, Kenya ilipoilaza Moroko 1-0 Kasarani, Ryan Ogam alifunga kabla ya mapumziko, kisha Harambee Stars wakacheza kipindi cha pili wakiwa 10. Kwa mechi kama hiyo, anayestahili alama nyingi ni nani, mfungaji au mabeki waliolinda bao? Sisi tungewapa mabeki, hasa kwa kuwa Moroko ndiyo iliyotwaa kombe.

Ukipanga kikosi, kila mmoja abaki nafasi anayoichezea. Winga usimgeuze beki wa pembeni eti apate nafasi.

Orodha ikamilike kabla ya mechi ya kwanza ya muondoano, nawe uandike tarehe juu yake. Kura za mchezaji bora wa Kombe la Dunia la 2002 zilipigwa kabla ya fainali. Oliver Kahn akashinda, ilhali katika fainali yenyewe aliutema mpira miguuni mwa Ronaldo na Ujerumani ikalala 2-0. Baada ya robo fainali, anza safu mpya kando ya ile ya kwanza badala ya kufuta majina.