Uliza Fundi: Ekzosi ya Bantam ya babu haikai

SWALI: Fundi, sabalkheri. Marehemu babu alituachia pikipiki, BSA Bantam D1, iliyolala stoo Kibokoni miaka na miaka. Injini nimeifufua, tangi limepakwa rangi, imebaki ekzosi. Bomba la zamani lilikuwa limeoza, nikatengenezewa jingine na fundi wa kuchomelea, nikalipeleka moja kwa moja kupakwa kromu. Nilipolifunga, sailensa ilikuwa mbali na breketi yake kwa upana wa kidole, basi nikaivuta kwa bolti mpaka ikakaa. Wiki mbili baadaye breketi imepasuka, nati ya kwenye silinda inalegea kila nikitoka, na mafuta meusi yanachuruzika hapo. Nibadilishe gasketi? Na kwa hewa yetu hii ya chumvi, nirudie kromu au nipake rangi nyeusi? (Msomaji, Kisauni)

JIBU: Sabalkheri mwanangu, Mungu amrehemu babu. Gasketi usiisingizie. Mwenye makosa ni ile bolti uliyovutia. Bomba likifungwa kwa nguvu hukaa limekaza kama upinde, na injini ikinguruma, ule mkazo hutafuta pa kutokea. Kwako umetokea mara mbili: breketi imepasuka, nati inafunguka. Hata ukibadilisha gasketi kila Ijumaa, mafuta yatachuruzika tu.

Mwangalie fundi wa kanzu. Hupiga bandi kwanza, akakuvisha, akakuzungusha, ndipo akashona, na tarizi huja mwisho kabisa. Wewe umetarizi nguo ambayo hujaivaa.

Kwa hiyo tunarudi nyuma. Kwanza, aliyepaka kromu aivue yeye mwenyewe kwa dawa zake. Usikubali mtu achomelee juu ya kromu, moshi wake ni sumu ya mapafu. Bomba likishakuwa tupu, toa tangi la petroli ulipeleke mbali, kisha funga kila kitu kikiwa kimelegea: nati ya silinda zamu mbili tatu, klampu ya sailensa, bolti ya breketi. Hapo utaona bomba linataka kwenda wapi. Likatwe kwenye kona, ligeuzwe mpaka sailensa iikute breketi yenyewe bila kuvutwa, kisha fundi alishike kwa nukta tatu za weldi tu. Lishushwe, amalizie chini. Breketi iliyopasuka ichomelewe pale pale ilipokuwa. Nimeona watu wakihamisha breketi ya fremu ili kulifurahisha bomba baya, na roho huniuma.

Kukaza kuna mpangilio wake: anza kwenye silinda, shuka kwenye klampu, malizia na breketi ya nyuma. Ukianza nyuma umeshatega upinde tena. Nati ile ya duara ikazwe kwa spana ya ndoana, si kwa tindo na nyundo. Silinda ya D1 ni ya chuma cha kuyeyushwa, na hesi zake zikiliwa utalia. Washa injini, ipate moto vizuri, izime, kaza tena kidogo. Rudia baada ya safari ya kwanza.

Ukitumia washa, yaani pete ya gasketi, ya shaba nyekundu, ipashe moto mpaka iive rangi ya cheri, uiache ipoe. Baadhi ya mafundi hapa Majengo huapa lazima itumbukizwe majini. Shaba haijali, hulainika kwa njia zote mbili. Hiyo ni habari ya chuma wanaichanganya. Gasketi kuukuu ya babu, ikiwa ina nyuzi za kijivu ndani, usiikwangue wala kuipiga msasa. Zama zile waliweka asbesto, nyuzi za madini ambazo vumbi lake huharibu mapafu. Ilowanishe, ifunge kwenye mfuko, achana nayo.

Sasa sailensa. Injini hii ni ya mipigo miwili, inakula mafuta pamoja na petroli, kwa hiyo ndani hujaa masizi ya kunata kama lami. Kostiki soda ya watengeneza sabuni huyala yote kwa usiku mmoja. Mimina soda kwenye maji, kamwe usimimine maji juu ya soda, itachemka ikurukie. Vaa glavu za mpira na miwani, fanyia uani, na usitumbukize chochote cha aluminiamu, kitaliwa na kutoa gesi inayoshika moto. Ikikugusa ngozi, maji mengi, kwa muda mrefu.

Je, kromu au rangi? Kromu yenyewe ni utando mwembamba sana wa urembo. Anayezuia kutu ni nikeli iliyo chini yake, na huko ndiko wapakaji hubana matumizi. Ukipita ferri ya Likoni wakati wa kusi, chumvi huingia kwenye vitundu usivyoviona, na baada ya miezi kutu hutokeza kama vipele. Bantam ilitoka kiwandani Birmingham na ekzosi ya kromu, na ningekuwa mimi, ningetafuta mpakaji anayekubali kuweka nikeli nene, nilipe. Kama mfuko haujaruhusu, rangi nyeusi ya kuhimili joto si aibu. Ipake juu ya chuma kitupu kilichosuguliwa na kufutwa kwa spiriti, tabaka nyembamba, bila puti wala praima ya kawaida. Kisha injini iwashwe dakika chache, ipoe, iwashwe tena kwa muda mrefu zaidi. Fanyia nje, si stoo: ndani ya moshi wa ekzosi mna gesi inayoua, nayo haina harufu ya kukuonya. Na kabla ya kuwasha mara ya kwanza futa alama zote za vidole, la sivyo zitaivia hapo hapo, umeweka sahihi yako milele.

SWALI: Fundi, nimeambiwa naweza kukunja bomba nyumbani kwa kulijaza mchanga na kulipasha moto. Mchanga wa pwani unafaa? (Msomaji, Likoni)

JIBU: Usithubutu. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na saba kwa ami yangu, nikavivia kwenda kununua mchanga wa mto, nikachota ufukweni. Ulionekana mkavu. Tulipolipasha bomba moto, maji yaliyobaki yakawa mvuke, kizibo cha mti kikaruka kikatoboa bati la paa, na ami hakunisemesha mpaka Isha. Chukua mchanga wa mto, ukaange kwenye sufuria mpaka uache kutoa mvuke, upoe, ujaze huku ukigonga bomba ili ushindiliwe, ndipo uzibe. Na lisiwe bomba la maji la kupakwa zinki, hata ukipewa bure: likipata moto, moshi wake mweupe utakulaza na homa usiku huo huo.