Lupu au mlio mmoja mmoja?

Mdogo wangu, umeuliza biti ya singeli uijenge kwa lupu (kipande cha muziki kilichorekodiwa tayari, kinachojirudia) au kwa milio ya ngoma moja moja. Kwa ngoma, chukua moja moja. Singeli hukimbia midundo 200 na zaidi kwa dakika. Lupu iliyorekodiwa kwa 100 ukiilazimisha ifike huko, kiki, yaani ngoma nzito ya chini, inapoteza uzito na sauti inakwaruza. Kiki ya peke yake haina spidi, unaipanga utakavyo, na ukikosea unahamisha pigo moja tu.

Lupu ibakize kwa kinanda au fidla ya taarabu. Hapo hata mkwaruzo ni utamu! Ila soma leseni kwanza: wengine wameshaitumia lupu hiyohiyo, na mfumo wa YouTube unaweza kudhani wimbo wako ni wao.