Maswali yenu: gitaa na modeli kwenye meza moja

Wiki hii karibu wote ni watu wa gitaa wanaounga modeli, zile ndege, vifaru na pikipiki ndogo za plastiki, au watu wa modeli walionunua gitaa, sijui mlikutana wapi. Haya.

Nyuzi za gitaa zilizochakaa naweza kuzitumia kwenye modeli? (Tanga)

Tena sana, na hapa nitakaa kidogo maana ndio swali lililonifurahisha. Uzi wa kwanza kwenye seti ya namba 10 una unene wa milimita 0.25, chuma kigumu kilichonyooka, kwenye ndege ya 1/48, yaani iliyopunguzwa mara 48, unakupa ule mrija mwembamba wa kupimia mwendo unaochomoza kwenye bawa, na hauvunjiki kama wa plastiki ambao wote tunaugonga na mkono kabla hata rangi haijakauka. Uzi wa nne umezungushiwa waya, una kama 0.66, sasa piga hesabu mwenyewe kwenye pikipiki ya 1/12, unakuja kama milimita 8, mpira wa breki huo. Ila naona watu wanauweka kwenye vifaru vya 1/35 eti kamba ya kuvutia, hapana jamani, kamba ile imesokotwa, uzi wa gitaa una pete pete, hata mtoto anaona. Futa kwanza na spiriti, jasho la vidole vyako bado liko pale na rangi haitashika.

Halafu usithubutu kuukata na ile koleo nyembamba ya kukatia plastiki. Chuma kinaitoboa makali siku hiyo hiyo. Tafuta koleo ya fundi umeme. Nalisema kila mara na nitaendelea, hobi mbili sawa, vifaa kila mmoja na vyake.

Daraja la gitaa langu kavu, pale nyuzi zinapofungwa, limeanza kubanduka, naweza kutumia gundi ya modeli?

Hapana. Ile inayeyusha plastiki ndipo inashikana, mbao itaiyeyusha vipi? Na supaglu pia hapana, najua ndio swali linalofuata. Nyuzi za chuma zinavuta kwa pamoja kilo 70 na zaidi, saa zote, hata ukiwa umelala. Legeza nyuzi, gundi ya mbao, bana vizuri, acha siku nzima. Kama hujawahi, mpelekee fundi.

Gitaa gani zuri kwa anayeanza?

Lile linaloshika tyuni na nyuzi zake haziko juu sana kutoka kwenye shingo. Basi. Mwenda wa Bayeke wa Katanga, Kongo, alirekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 akiwa na gitaa kavu, dole gumba na kidole cha shahada, na watu mpaka leo wanahangaika kumwiga. Wewe unaniuliza rangi ipi inapendeza.

Nina spreyi za modeli zimebaki, nataka kupaka gitaa la umeme. Nianzie wapi? (Mombasa)

Anza kwa kuangalia hewa, kaka. Tina inavyoruka inapoza pale juu, na hewa yenu imejaa maji, maji yanatua kwenye rangi na unapata weupe kama ukungu halafu unamlaumu muuza duka. Subiri siku kavu, saa za mchana, na upake matabaka mengi membamba badala ya moja zito. Modeli unaishika kesho yake, gitaa litaegemea mwili wako, mkono na jasho, kwa hiyo tabaka lake la juu kabisa, lile la kung'arisha, liache wiki kadhaa kabla hujapiga msasa wa maji, anza 800 au 1000 umalizie 2000. Najua hamtasubiri. Na vaa barakoa yenye vichujio vya mvuke, ya kitambaa haizuii kitu, na sio chumbani watoto wamelala! Kama gitaa lenyewe ni la zamani na la bei, acha lilivyo, michubuko yake watu wanailipia.

Kipi kitangulie jioni, gitaa au modeli?

Paka rangi, nawa mikono, nenda chumba kingine ukapige gitaa wakati inakauka. Sio meza ile ile, vumbi la msasa likiingia kwenye vitufe vya sauti utasikia makelele kila ukizungusha.

Supaglu imegandia kwenye ncha za vidole, nitapigaje?

Maji ya uvuguvugu na sabuni, sugua taratibu. Haitoki, asetoni kidogo, ile ya kutolea rangi ya kucha, halafu nawa tena kabla hujagusa gitaa maana inakula rangi na plastiki za gitaa. Usibandue kwa nguvu, utaondoka na sugu uliyoihangaikia miezi. Na kwa kuwa umeitaja supaglu: mvuke wake unatia weupe kwenye vioo vya ndege, kioo cha rubani kibandike na gundi nyeupe ya mbao, ikikauka haionekani.