Maswali ya Wasomaji: Umeme unavyohesabu chembe nano za fedha

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa kemia, mwaka wa tatu, hapa Morogoro. Katika mradi wangu nimetengeneza chembe nano (chembe ndogo zinazopimwa kwa nanometa, yaani sehemu za milioni za milimita) za madini ya fedha kwa kuchanganya maji ya majani ya mwarobaini na nitrati ya fedha, nikapata kimiminika cha manjano kilichokolea. Nilipotia chumvi ya mezani kidogo, rangi iligeuka kijivu, na kesho yake nikakuta mashapo. Picha za hadubini ya elektroni zinaonyesha chembe za nanometa 20 zilizorundikana, ilhali kipimo cha mtawanyiko wa mwanga kimetoa nanometa 90. Mwalimu wangu anasema ipo njia ya kupima kwa umeme. Je, njia hiyo hufanyaje kazi, na inaweza kutofautisha chembe moja kubwa na bonge la chembe ndogo?

JIBU: Ndugu msomaji, vipimo vyako viwili havijakudanganya; kila kimoja kimejibu swali lake. Hadubini ya elektroni hutazama tone lililokaushwa, na tone linapokauka huzisukuma chembe pamoja, kwa hiyo mrundikano ulioonekana pichani huenda haukuwapo ndani ya maji. Kwa upande wa mwanga, chembe ndogo hutawanya mwanga kwa kadiri ya kipenyo chake kilichozidishwa mara sita kwa chenyewe, hivyo kitu cha nanometa 100 hung'aa kama chembe milioni moja za nanometa 10. Mabonge machache tu yanatosha kuzifunika chembe zote zilizobaki pekee.

Njia anayoizungumzia mwalimu wako huziacha chembe majini na kuzihesabu moja moja. Mwaka 2007 mwanakemia Allen Bard na mwenzake Xiaoyin Xiao, huko Texas, walionyesha kwamba chembe moja ya platini inapogonga elektrodi ndogo (kipande kinachopitisha umeme, kilichotumbukizwa majini) huacha alama yake katika mkondo wa umeme. Mwaka 2011 kundi la Richard Compton, Oxford, likaonyesha jambo linalokuhusu wewe hasa: chembe ya fedha ikigusa elektrodi ya kaboni yenye volteji ya kutosha, huoksidishwa, yaani kila atomu ya fedha hutoa elektroni moja. Kwa hiyo ukijua chaji iliyopita, umejua idadi ya atomu, na ukijua idadi ya atomu umejua ujazo wa chembe. Ni kanuni ileile ya Faraday unayoifahamu tangu sekondari, ila safari hii haipimi sahani ya shaba bali kitu kisichoonekana kwa macho.

Tuichukue chembe yako ya nanometa 20. Ina atomu zipatazo 245,000, na chaji yake yote ni femtokulombi 39 hivi (kulombi ni kizio cha chaji ya umeme, na femto ni sehemu ya milioni ya sehemu ya bilioni). Ikitoka kwa muda wa milisekunde moja, mkondo wake ni wastani wa pikoampia 39, yaani sehemu 39 za trilioni za ampia. Kwenye skrini utaona mstari uliotulia, kisha mwiba mfupi unachomoza na kurudi chini, halafu kimya, halafu mwiba mwingine. Eneo lililo chini ya kila mwiba ndiyo chaji ya chembe moja. Mkondo mdogo kiasi hicho humezwa kwa urahisi na kelele za nyaya za umeme wa jengo, na ndiyo sababu elektrodi huwa uzi wa kaboni wa mikrometa chache tu kwa upana, na chombo chote huwekwa ndani ya kizimba cha chuma kilichounganishwa na ardhi. Ninaipenda njia hii kwa jambo moja zaidi: kwa kuwa kipenyo hupatikana kwa kipeuo cha tatu cha chaji, kosa la asilimia 10 katika chaji huwa kosa la asilimia 3 hivi katika kipenyo.

Sasa kuhusu mabonge. Chembe mbili zilizoshikamana, zikioksidishwa zote, zitatoa femtokulombi 78, na tatu zitatoa takriban 118. Lakini chembe moja yenye nanometa 25 nayo hutoa kiasi cha 77, na mwiba mmoja peke yake hauwezi kukuambia umeona ipi kati ya hizo. Jibu la swali lako liko katika mabadiliko ya mamia ya miiba kadiri muda unavyopita. Ili mkondo upite ni lazima maji yawe na chumvi, na chumvi hiyohiyo hupunguza ile nguvu ya kusukumana inayozitenga chembe zenye chaji ya aina moja. Maana yake ni kwamba unaanza kuzishikamanisha dakika ileile unapoanza kuzipima. Kwa hiyo andaa kwanza maji yenye chumvi, tia chembe mwisho, rekodi mara moja, kisha rekodi tena baada ya dakika tano, kumi, thelathini. Ikiwa miiba mikubwa ilikuwapo tangu mwanzo na haiongezeki, basi huenda ni chembe kubwa, au mabonge uliyokuja nayo kutoka kwenye chupa. Ikiwa inaongezeka huku miiba yote kwa jumla ikipungua, zinashikamana mbele yako, kwa kuwa mabonge ni machache kuliko chembe zilizoyaunda na pia hutembea polepole majini.

Tahadhari nawe na mambo ya mwarobaini. Dawa zilizomo kwenye majani huzivika chembe koti, na baadhi yake zinaweza kuoksidishwa zenyewe au kuuziba uso wa elektrodi. Rekodi maji ya majani matupu, bila fedha, kabla ya kuamini mwiba wowote. Mabonge makubwa nayo yanaweza kuondoka kabla hayajaisha kuoksidishwa, ukayaona madogo kuliko yalivyo. Jaribu kupandisha volteji kidogo, na kama chaji inaendelea kukua, bado hujafika.

Kabla ya yote hayo, rudi kwenye mashapo yako. Ikiwa hukuziosha chembe kwa mashine ya kuzungusha, nitrati ya fedha iliyobaki ilikutana na chumvi ya mezani ikatoa kloridi ya fedha, nayo huzama chini vilevile. Osha, kisha tumia nitrati ya potasiamu badala ya chumvi ya mezani, na utazame kama ile rangi ya manjano itageuka tena.