Ndiyo, nalima huku Ulaya: jibu kwa ndugu zangu wa Kongwa

Mbukwenyi, ndugu zangu.

Ile picha niliyotuma wiki iliyopita imezua maneno. Nimevaa buti za mpira, nasukuma toroli la samadi, suruali imelowa tope mpaka mapajani. Kaka akaandika, "Yaani umepanda ndege kwenda kushika jembe?" Shangazi akapiga simu, sauti inatetemeka, akauliza kama kuna mtu ananitumikisha. Halafu usiku mtoto wa dada, aliyemaliza Chuo Kikuu cha Dodoma mwaka jana, akaniandikia pembeni: "Mama mdogo, niambie ukweli. Nije au nisije?"

Maswali hayo nimeyabeba zamu tatu za usiku. Leo nimepumzika, nawajibu wote kwa pamoja.

Shangazi, futa machozi. Hakuna anayenitumikisha. Kishamba kile nimekodi mwenyewe kutoka halmashauri ya jiji hapa Leeds, Uingereza, nalipa kwa mwaka. Huku kuna sheria tangu 1908 inayozitaka halmashauri zitenge ardhi kwa watu wanaotaka kulima mboga zao, na wanaotaka ni wengi; mimi nilikaa kwenye orodha miaka mitatu. Ukubwa wake ni kama mita za mraba 125. Eka moja ya kwetu ingetoa vishamba 32 vya namna hiyo. Chakula cha mwaka hakitoki hapo, na wala silimi kwa kuwa nimekosa cha kula. Mshahara wangu unatoka kwenye nyumba ya kutunzia wazee, ninakowaogesha, kuwalisha na kukesha nao.

Ninalima kwa sababu ya majira ya baridi. Hili sikuwahi kuwaeleza sawasawa, kwa kuwa nilikuwa naona aibu.

Nilifika Septemba. Habari za baridi nilikuwa nimezisikia, nikaja na sweta mbili. Habari za giza hakuna aliyeniambia. Desemba huku jua linachomoza baada ya saa mbili asubuhi, na kabla ya saa kumi jioni limeshazama. Mchana mzima ni saa saba na nusu, na siku nyingi hata hizo zimefunikwa na mawingu. Mtu wa zamu ya usiku unaingia kazini gizani, unatoka kunapambazuka, unalala, unaamka giza limesharudi. Zilipita wiki nne sijaliona jua. Nikawa nalia jikoni bila kujua ninachokililia. Mkipiga simu nasema, "Salama, nipo vizuri." Haikuwa kweli.

Daktari aliniandikia vidonge vya vitamini D. Serikali ya huku inashauri kila mtu afikirie kumeza mikrogramu 10 kwa siku majira ya mapukutiko na ya baridi, na sisi wenye ngozi nyeusi mwaka mzima, maana ngozi yetu inahitaji jua zaidi ili itengeneze vitamini hiyo. Halafu akaniambia nitoke nje kila siku wakati kuna mwanga, hata kama ni dakika chache. Nitoke niende wapi? Sina ndugu wa kumtembelea, na dukani ni pesa. Jina langu la kuomba kishamba nililiandikisha wiki hiyohiyo.

Kwetu Kongwa, mkoani Dodoma, kifuku, yaani msimu wa mvua, kinaanza mwisho wa Novemba au Desemba, kinakwisha Aprili, baada ya hapo ni ukavu mpaka mvua zirudi. Kwa hiyo mama akishavuna mtama anaanika mlenda, anauponda, anaufungia kwenye debe, kwa sababu anajua miezi inayokuja hakuna jani bichi litakaloota. Kiangazi cha huku ni baridi. Maji yamejaa ardhini, lakini joto hakuna na mwanga hautoshi jani kukua. Hata miti inajipunguza: inaangusha majani yote, kama mibuyu yetu inavyofanya wakati wa ukavu. Siku nilipolitazama jambo hili kwa macho ya mama, hofu ilipungua. Oktoba ya huku ni mwezi wa kuweka akiba.

Mwaka wa kwanza wa shamba niliumia. Nilikuwa na maboga yaliyotambaa vizuri, nikasema Jumamosi nitachuma majani yake niyapike kwa karanga. Ijumaa usiku ikaanguka jalidi, ule umande unaoganda kuwa barafu. Asubuhi nilikuta majani yote meusi, yamelegea kama yamemwagiwa maji ya moto, na maboga mawili niliyoyaacha nje yakaoza ndani ya wiki. Nilisimama pale nikatamani kupiga kelele. Siku hizi sisubiri jalidi. Mwisho wa Septemba nachuma majani yote, nayachemsha dakika mbili, nayakamua, nagandisha kwenye mifuko midogo ya mlo mmoja mmoja. Kuanika haiwezekani, jua hilo halipo. Maboga nayakata na kikonyo chake, nayaweka dirishani ndani ya nyumba ganda likauke liwe gumu, ndipo yanadumu hadi Januari.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Nilifanya kama tulivyozoea kwetu: nikafyeka kila kitu, nikakusanya mabua nikachoma, shamba likabaki jeupe kama uwanja uliofagiliwa. Niliona fahari. Mvua ya baridi ikalipiga miezi minne. Udongo wa hapa ni mfinyanzi. Kufikia Machi ulikuwa umeshikana kama sakafu ya tembe, nyumba zetu za udongo, maji yanatuama juu, uma wa kulimia hauingii. Jirani yangu wa kishamba cha pili, mzee mstaafu, aliniangalia siku nzima ninavyohangaika, mwishowe akaja akasema usiuache udongo uchi wakati wa baridi, uvike.

Nililikumbuka neno lake niliporudi nyumbani, kwa sababu ya historia yetu. Mwaka 1947 Waingereza walikuja Kongwa na matrekta kulima karanga, na kufikia 1951 mradi umekufa, mamilioni ya pauni yamezama. Wazee wetu walijua ardhi ile ikikauka inakuwa jiwe, na mvua zake si za kuaminika. Hawakuulizwa. Mimi nami nilikuja kwenye udongo wao na akili ya Kongwa peke yake. Tangu hapo namuuliza mzee yule kila kitu.

Basi ile picha ya toroli ni hiyo kazi ya kuuvika udongo. Maharage yakimaliza kuzaa siyang'oi. Nakata shina, mizizi inabaki ardhini, maana ile mizizi ina vinundu vilivyokusanya naitrojeni na vitaozea humohumo. Mabua na majani mabichi yanakwenda kwenye rundo la mboji, yakichanganywa na maboksi yaliyochanwachanwa ili rundo lisigeuke uvundo. Mmea wenye ugonjwa hauingii humo. Kisha natandaza maboksi mazima juu ya tuta, natoa kwanza utepe wa plastiki, na juu yake namwaga samadi ya farasi iliyooza vizuri, unene wa vidole vinne. Magugu yanakosa mwanga, minyoo inapanda kuvuta ile samadi chini, na kufikia Aprili udongo unavunjika mkononi. Samadi siipokei kwa kila mtu. Nauliza kwanza kama nyasi walizokula farasi zilipuliziwa dawa ya magugu, kwa sababu ipo dawa inayopita tumboni mwa mnyama ikaja kuua maharage na nyanya mwaka unaofuata.

Majani ya miti yaliyoanguka barabarani nayazoa bure. Nayajaza kwenye mifuko, nayalowesha, natoboa matundu, nasahau. Baada ya mwaka mmoja au miwili ni udongo mweusi mzuri wa kuoteshea mbegu.

Halafu kuna kupanda, hapo ndipo kaka hataniamini. Mwisho wa Oktoba hadi Novemba ndio wakati wa kuchomeka kitunguu saumu. Kila punje peke yake, ncha juu, kama sentimita 15 kati ya moja na nyingine. Kinataka wiki kadhaa za baridi kali, la sivyo kitakua kitunguu kimoja cha mviringo kisichogawanyika vipande. Unakichimbua Julai. Pia kuna maharage mapana yanayopandwa Novemba, yanaota urefu wa kidole na kusimama hivyo hivyo baridi yote. Sukuma wiki inabaki shambani chini ya wavu, maana njiwa wa hapa wakiwa na njaa hawaachi jani. Ikipigwa na jalidi inakuwa tamu zaidi, kwani mmea wenyewe unaongeza sukari ili usigande. Nilipoionja mara ya kwanza niliwaza tu jinsi nitakavyomweleza mama.

Mengine ni madogo: kumwaga maji yote kwenye mpira wa kumwagilia, maana yakigandia humo yanatanuka na kuupasua, kufuta tope kwenye vyombo na kuvipaka mafuta, kuweka ubao wa kukanyagia, kwa sababu mfinyanzi uliolowa ukiukanyaga unaubana kabisa. Kazi yote hii inakula wiki tano au sita, saa moja hapa, saa mbili pale, baada ya kulala. Na katika saa hizo nipo nje, kwenye mwanga, na mtu ananisalimia kwa jina. Tangu nianze sijalia tena jikoni.

Sasa pesa, maana najua mnasubiri hapo. Zaidi ya nusu ya mshahara wangu inaishia kwenye kodi ya nyumba, umeme na gesi. Gesi ya kupashia nyumba joto nalipia kabla, kama umeme wa LUKU huko kwetu, na Januari uniti zinayeyuka ukiziangalia. Kwa hiyo Oktoba natenga ya gesi kwanza. Mkiona nimekaa kimya kwenye michango ya Desemba na Januari, sijawasahau wala sijapata kiburi. Ada ya watoto na dawa za mama zitafika, hizo nazitenga mapema. Harusi zisubiri Aprili.

Mwanangu, umesema kuna mtu Dodoma mjini anakutafutia kibali cha kazi ya kutunza wazee, na unataka kuuza eka mbili za alizeti umlipe. Usiuze. Tangu tarehe 22 Julai 2025 Uingereza imefunga mlango wa kuajiri wahudumu wapya wa wazee kutoka nje. Anayekuahidi karatasi hizo leo anakuibia. Ukipata nafasi ya masomo, au ukija na taaluma wanayoitafuta, njoo, chumba changu kina nafasi ya godoro. Lakini uje ukijua kuna miezi mitano hapa mtu anaishi kwa alichokiweka akiba: pesa, marafiki, sababu ya kutoka nje. Vijana niliowaona wakivunjika walikuwa wachapakazi wote. Kilichowakuta ni kufika Novemba mikono mitupu, hawajui kwamba Ulaya nako kuna kiangazi.

Shangazi, mbegu za mlenda ulizosema utanitumia kwenye bahasha, usitume. Forodha wanataka cheti cha afya ya mimea, bila hicho wanaziteketeza. Zitunze, nitazipanda hukohuko nikija.

Na jambo moja la simu. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa za huku zinarudishwa nyuma, tofauti yetu inakuwa saa tatu badala ya mbili. Msinipigie saa moja asubuhi ya kwenu, kwangu itakuwa saa kumi alfajiri. Pigeni saa mbili usiku ya Kongwa. Huku itakuwa saa kumi na moja jioni, giza limeshaingia, nimerudi kutoka shambani, na kama sina zamu usiku huo tutaongea mpaka mchoke.