Kwa nini jibu la taitresheni linatoka nusu ya la kitabu

Swali: Shikamoo mwalimu, niko fomu foo najiandaa na NECTA. Kuna swali wanasema 25 cm³ za NaOH zimemalizwa na 20 cm³ za H₂SO₄ ya 0.1 M, tafuta molariti ya NaOH. Mi nimepiga 0.1 × 20 = M × 25 nikapata 0.08, kitabu kinasema 0.16. Kitabu kimekosea?

Jibu: Marahaba. Kitabu kiko sawa, na kuzidisha umezidisha vizuri tu, shida ni hiyo fomula. M1V1 = M2V2 ni ya kuzimua, una asidi unaiongezea maji, moli zinabaki zilezile. Kwenye taitresheni una vitu viwili tofauti vinamalizana, na sio lazima vimalizane moja kwa moja.

Anza na ekwesheni, ibalansi: 2NaOH + H₂SO₄ → Na₂SO₄ + 2H₂O. H₂SO₄ ina hidrojeni mbili za kutoa kwahiyo moli yake moja inakula moli mbili za NaOH. Nahisi umezoea maswali ya HCl, kule ni moja kwa moja ndo maana fomula yako ilikuwa inakubali na hukushtuka.

Sasa twende kwa moli, cm³ geuza iwe dm³. Asidi ni 0.1 × 0.02 = 0.002. Zidisha kwa 2 unapata 0.004 za NaOH, gawa kwa 0.025, hiyo hapo 0.16 M. Wakitaka gramu kwa dm³ zidisha kwa 40, uzito wa moli moja ya NaOH (23 + 16 + 1), inakuja 6.4. Njia fupi ipo, MaVa/MbVb = nA/nB (M ni molariti, V ujazo, n moli za kwenye ekwesheni, a ni asidi na b ni besi), hapa kulia unaweka 1/2, ila bila ekwesheni hiyo 1/2 utaitoa wapi?

Na kwa vile kuna praktiko, ile pilot, taitresheni ya kwanza ya kujaribia, usiiingize kwenye wastani, ni ya kukuonyesha tu rangi inageukia wapi. Indiketa (ile ya kubadili rangi) hapa MO (methyl orange) au POP (phenolphthalein) yoyote inafaa maana asidi na besi zote ni kali. Angalia tu ukiletewa Na₂CO₃ na HCl, weka MO, kwa sababu POP inapoteza rangi kabonati ikiwa imefika NaHCO₃ tu, ndo nusu ya safari, utasoma bureti nusu ya ujazo unaotakiwa na hapo hata ukibalansi vipi jibu litakuwa bovu.